Baipasi mpya kutoboka kabla ya mwaka: msiishie kupima lami, chimbeni

Mkuu mleta mada, umeuliza inakuwaje baipasi yenu imefunguliwa hata mwaka haujaisha, mvua za kwanza tu imeshatoboka na kubonyea, na wengi humu wameshakujibu kwamba lami nyembamba, watu wamekula hela. Mi nimekaa maabara za saiti za barabara miaka kumi na moja, ni fundi sanifu, kazi yangu kuchimba, kupima na kuandika. Kuna baipasi moja Kanda ya Ziwa ilikufa hivyo hivyo na nilikuwepo kuanzia wanasafisha visiki mpaka siku tunarudi kuipasua tuone ndani kuna nini. Mradi siutaji wala mkandarasi, ila niliyoyaona nitayasema yote.

Hilo la lami nyembamba kwanza. Barabara nyingi za mikoani zinawekwa lami ya kumwagia, yaani lami ya moto inapulizwa, kokoto zinamwagwa juu, rola inapita, halafu wanarudia tena kwa kokoto ndogo zaidi. Ikiisha yote haifiki hata sentimita 3, ndivyo ilivyochorwa. Ukiimega pembeni ya shimo inakuja kama kipande cha chapati, na asiyejua ataweka rula, atapiga picha, ataandika tumeibiwa. Lile tabaka halibebi lori. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie chini na kuzuia tairi lisisage kilichopo chini. Anayebeba lori ni beisi, lile tabaka gumu lililo chini ya lami, na huku kwetu beisi mara nyingi ni moramu (udongo wa changarawe) iliyochanganywa na simenti kidogo, sentimita 15 mpaka 20 hivi, chini yake kuna sabubesi, tabaka la kuisaidia, halafu tuta lenyewe la udongo. Kwahiyo ukipima lami peke yake na ukaishia hapo umempima mgonjwa kanzu. (Kama yenu ni ile lami ya kupikwa na kutandazwa na mashine hesabu yake ni nyingine, lakini kwa maelezo yako ya kokoto kung'oka na kujaa pembeni naamini ni ya kumwagia.)

Sasa yetu. Kipande kilichokufa kilianzia kilomita 7+400 (yaani kilomita 7 na mita 400) mpaka 8+000, mita mia sita, nakikumbuka kwa namba maana niliiandika mwenyewe. Siku ya kuchanganya simenti kazi ilienda vizuri kabisa, mashine imechanganya, greda imelaza, rola zimeshindilia ndani ya masaa tuliyopangiwa maana simenti ikishaguswa na maji haikusubiri, densiti, yaani udongo umeshindiliwa kiasi gani, nikapima zikapita. Baada ya hapo beisi ya simenti inatakiwa ilowe, isikauke, siku saba, halafu ipigwe praima haraka, ile lami nyepesi ya kupulizia, ili ijifunge. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Boza moja la maji lilikatika shafti, la pili likahamishiwa kwenye kalavati kule mbele, na gari la praima halikuja kwa sababu mzigo ulikuwa haujalipiwa. Mwezi wa tisa, jua la kiangazi. Asubuhi tunamwagia kidogo kwa boza la kuazima, saa sita mchana pameshakauka mpaka pamepauka. Ilikaa hivyo karibu wiki tatu. Nikipita juu yake kiatu kinaacha alama, ukikwangua kwa kisigino inatoka kama unga wa muhogo, wakati beisi nzuri ya simenti ukiikwangua hivyo unaumiza kiatu tu.

Niliandika kwenye kitabu cha saiti na nikamfuata injinia wa konsalta, kampuni inayomsimamia mkandarasi, nikamwambia bosi hii juu imeoza. Akaniuliza, sampuli zako za siku saba zimepita? Zimepita bosi. Basi endeleeni. Na kweli zilipita, kwa sababu zile sampuli tunazifunga kwenye nailoni tunaziweka kivulini siku saba zikiwa na unyevu wake wote, ndio utaratibu, halafu tunazivunja kwenye mashine. Kwahiyo karatasi ilikuwa inaeleza afya ya vipande vilivyolala kivulini ndani ya nailoni, na barabara ilikuwa nje inaungua. Hili naomba wadau mlishike, maana siku mtakayopewa ripoti ya maabara na kuambiwa kila kitu kilipita, inawezekana kabisa kilipita na barabara ikawa mbovu vilevile. Mi lile jibu la "basi endeleeni" linaniuma mpaka leo kwa sababu nilikuwa na haki ya kugoma kusaini na nikasaini.

Wakafagia vumbi, praima ikapigwa, lami ikamwagwa, mistari ikachorwa, ikapendeza. Mvua za kwanza zilipokuja nilipita asubuhi moja nikaona kwenye njia ya matairi kuna michirizi ya rangi ya uji, mistari miembamba imetokea kwenye nyufa ndogo ambazo hata huzioni vizuri. Ule uji ni beisi. Maji yameingia, lori likipita linaikandamiza lami, maji hayana pa kwenda yanaruka juu na kubeba unga wa beisi, kila lori linakamua kidogo. Ukiona ule uji jua mashimo yako njiani, sisi ilichukua kama wiki mbili tu.

Tuliporudi kuchimba tulikata miraba mitatu. Lami ilitoka bila shida, kwa mkono, na imebandukia na ngozi ya beisi ya sentimita mbili hivi, laini, inavunjika kama biskuti iliyoingia chai. Chini ya hiyo ngozi beisi ilikuwa ngumu, sururu inadunda. Tukapulizia ukuta wa shimo fenoftalini, ile dawa ambayo simenti ikiwa hai inageuka pinki. Chini kote pinki kali, juu sentimita mbili hamna rangi kabisa, kama mtu kachora mstari kwa rula. Halafu tukadondoshea asidi ya haidrokloriki kwenye ile ngozi ya juu isiyo na rangi, ikatoa povu. Moramu yenyewe kabla ya mradi tulishaijaribu haikuwa na chokaa ya asili, kwahiyo povu maana yake simenti iliwekwa. Ilikuwepo, ila ilikaa wazi na hewa ya kabonidayoksaidi ikaila, ikarudi kuwa chokaa isiyoshika kitu. Yaani mji mzima ulikuwa unasema simenti imeuzwa mtaani, watu walitaka hata kumpiga stoo kipa, na simenti ilikuwa mle ndani yote. Kilichokosekana ni maji ya boza na gari moja la praima.

Mdau mmoja hapo juu amesema ni malori ya transiti yanayozidisha uzito. Uzito unaua, sikatai. Majaribio makubwa ya Wamarekani kule Illinois mwaka 1958 mpaka 1960 ndiyo yaliyoonyesha uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili wa matairi), maana yake ekseli ya tani 10 ukiipakia 12, umezidisha asilimia 20 tu lakini umeumiza barabara mara mbili, yaani 1.2 mara 1.2 mara 1.2 mara 1.2. Ndio maana sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne na jumla ya tani 56. Ila mzigo kwa kawaida unakata miaka kutoka mwishoni, barabara ya miaka ishirini inakufa na nane, haui mwaka wa kwanza barabara iliyo nzima. Na kuna namna rahisi ya kujua. Magari yanayotoka bandarini kwenda Rwanda na Burundi yanaenda yamejaa, mengi yanarudi matupu au nusu. Kama mabonde ya matairi yako upande wa kwenda tu, mzigo una kesi ya kujibu. Yakiwa pande zote mbili sawasawa, na yanaanzia na kuishia ghafla kama yamekatwa, hiyo ni kazi ya siku fulani iliyofanywa vibaya, nenda katafute kitabu cha saiti cha siku hiyo.

Nyufa ndefu zinazoenda sambamba na bega, mita moja hivi kutoka ukingoni, ni ugonjwa mwingine. Kama mmepita kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi, basi pembeni unakauka na kusinyaa kiangazi, masika unavimba, katikati chini ya lami umetulia, barabara inapasuka kwa urefu. Hapo angalieni mitaro kama maji yanatuama na kama kuna mikaratusi imepandwa karibu.

Cha kufanya sasa mkuu. Muulize meneja wa barabara wa mkoa kipindi cha uangalizi kinaisha lini, mara nyingi ni mwaka mmoja tangu barabara ipokelewe, na ndani ya muda huo mkandarasi anarekebisha kwa gharama zake na bado kuna hela yake imeshikiliwa. Andikeni barua kabla haujaisha, diwani asaini, mtaje kilomita na tarehe za picha. Na msikubali viraka vya kumwagia lami juu ya shimo, ile ngozi iliyokufa isipokwanguliwa mpaka kwenye ugumu kiraka kinang'oka na mvua inayofuata, niliona tukiziba shimo lilelile mara tatu. Ombeni wachimbe mbele yenu na wapulizie dawa, ni kachupa kadogo tu na ni kazi ya dakika kumi.

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kabla jua halijakausha tembea kwa mguu hiyo baipasi yenu uangalie kama kuna uji, na uko upande gani, wa kwenda au wa kurudi. Halafu weka picha hapa nizione.