Kwa wadogo zangu mnaoanza stazhe (mafunzo ya kazi hospitalini) Bukavu: si kila homa ni malaria

Mtakuta kadi za namna hii: binti wa miaka 24 kutoka Kadutu, homa, viungo vinamuuma, ametibiwa malaria mara nyingi na haponi. Kabla ya kuandika malaria tena, muulizeni: nywele zinakatika? Una vidonda mdomoni? Jua likikupiga uso unaharibika? Akisema ndiyo, fikirini lupus. Kati ya wagonjwa 10 wa lupus, karibu 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inageuka na kushambulia ngozi, viungo, figo. Vitabu vinaonyesha wekundu wa umbo la kipepeo usoni, ila kwenye ngozi yetu mara nyingi ni weusi au zambarau. Mpelekeni karibu na dirisha mumtazame vizuri.

Halafu mkojo. Hapa nawaomba msichoke kabisa. Figo zinazoharibiwa na lupus mara nyingi haziumi, na mgonjwa anaweza kuja akicheka. Chovyeni bandeleti (kijiti cha kupimia mkojo) kila anaporudi, someni kwa dakika iliyoandikwa kwenye kopo, pimeni presha, andikeni. Sehemu ya protini ikigeuka kutoka njano kuwa kijani, na mara iliyopita haikugeuka, mwiteni daktari siku hiyohiyo. Familia ikisema ni karuho, yaani sumu aliyowekewa na mtu, msigombane nayo. Waonyesheni ile kijani na muwaeleze figo zinavyovujisha protini.

Skleroderma, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, unaokaza ngozi, ni nadra zaidi. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, atawaambia kwamba asubuhi ya baridi vidole vyake vinakuwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu, na ngozi imekaza hata ngumi haikunji. Kwake presha ikipanda ghafla ni dharura, hasa kama anameza prednisoni (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) nyingi.

Prednisoni iliyomezwa kwa wiki kadhaa haikatwi ghafla, kwa sababu tezi za adrenali, zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini, zimelala. Wengi wanaiacha kwa kuwa uso umevimba. Akikiri, mshukuruni, msimkaripie. Metotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ni mara moja kwa wiki: andikeni siku yenyewe kwenye pakiti, kwani kuimeza kila siku kunaweza kuua. Hidroksiklorokini, dawa ya lupus, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na macho yapimwe. Hiyo inaendelea hata katika ujauzito. Metotreksati hapana, kwa hiyo kila mwanamke anayeitumia aulizwe kuhusu uzazi wa mpango siku anapopewa.