Dola elfu moja na bunduki ya .308

Msimu wa kulungu ukikaribia hapa Marekani, maswali yanayonifikia huwa ya bunduki tu, na karibu yote yana "kubwa" na "bei poa" ndani ya sentensi moja. Haya hapa ya safari hii.

Kaka, nipo Houston. Rafiki yangu ana shamba limevamiwa na nguruwe mwitu. Nina dola 1,000 mkononi, nataka bunduki ya kaliba kubwa inayojikoki yenyewe. Ninunue ipi?

Tupige hesabu kwanza, maana dola 1,000 zako si za bunduki zote. Darubini isiyopoteza shabaha kila ukiigonga ni dola 150 mpaka 200, bado vishikio vyake. Risasi za mazoezi za .308, kaliba ninayokushauri (namba ni upana wa risasi kwa inchi), zinacheza kati ya senti 70 na dola 1 kila moja, na za kuwindia kufika dola 2 si ajabu. Bunduki mpya mimi siiamini mpaka imekula risasi 150 bila kukwama. Ongeza kodi ya mauzo. Zimebaki 600 hivi, na kwa pesa hiyo .308 mpya inayojikoki yenyewe hupati, labda uangukie ofa ya ajabu.

Kwa hiyo, kama ni mimi, ningesubiri miezi miwili mitatu niongeze dola 300. Hapo PA-10 ya Palmetto State Armory inaingia kwenye bajeti. Si nzuri ya kutazama, ila nguruwe hajali. Ukiweza kupanda kidogo tena, iangalie SFAR ya Ruger iliyotoka 2022. Yenye mtutu wa inchi 16 ina kilo 3 na kidogo, wakati wenzake wa .308 wanagusa kilo 4 kabla hujaweka darubini wala magazini. Mzigo wote unakuwa mwepesi mikononi. Beba kilo tano saa tatu usiku kwenye matope ndipo utajua nasema nini. Wepesi una bei yake lakini: teke lake begani ni kali zaidi.

Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa kadi: inakula magazini gani? Watu huita kila kitu "AR-10", jina la bunduki aliyobuni Eugene Stoner pale ArmaLite miaka ya 1950, ila hakuna kipimo kimoja kama kwenye AR-15, mdogo wake wa kaliba ndogo. Kuna koo mbili zenye majina ya makampuni, ukoo wa DPMS na ukoo wa ArmaLite, na vipuri vya huku haviingii kule. Chukua ukoo wa DPMS, unaotumia magazini za aina ya SR-25. Zipo kila duka.

Leseni: Texas tangu 2019 haidai leseni ya kuwinda kwa nguruwe mwitu kwenye shamba la mtu binafsi, mradi mwenye shamba amekuruhusu.

Mimi ni Mkenya, nyumbani nilizoea kuona bunduki ya G3 mikononi mwa polisi. Huku kuna ya raia?

Ipo. Inaitwa PTR-91, inatengenezwa South Carolina, na mpangilio wake ndani ni ule ule wa G3. Raha yake ni magazini: za alumini zilizobaki kutoka majeshini ziliuzwa kwa bei ya soda, na hata leo ni nafuu kuliko za bunduki nyingine. Karaha yake ni uzito, kifyatulio kigumu, na namna inavyotupa maganda. Yanaruka mbali, yamebonyea ubavuni na yana mistari myeusi kama yamepigwa chanuo. Kama una mpango wa kuyajaza baruti upya, sahau. Siku hizi nayo imepita dola 1,000.

Nipo Columbus, Ohio. Nimeshaweka amana ya .308 kwa ajili ya kulungu. Nimekosea?

Umekosea, na karudishe leo. Ohio kulungu hapigwi kwa .308. Sheria inataka ganda lililonyooka, na la .308 lina shingo kama chupa. Jamaa wa mitandaoni wanaokushauri wengi wako Texas, hawajui habari zako.

Kheri yako ni kwamba njia halali ni rahisi kuliko hiyo. Kama wewe au shemeji mna AR-15, nunueni sehemu ya juu tu, ile yenye mtutu, ya .450 Bushmaster au .350 Legend, zote za ganda lililonyooka. Kisheria bunduki ni ile sehemu ya chini yenye namba. Ya juu inaletwa mlangoni kama kiatu. Risasi ya .450 ina upana wa milimita 11 na nusu, kwa hiyo kama "kubwa" ndiyo ulichokuwa unatafuta, umeipata. Ila ni ghali, na ikifika mita 200 inaanza kushuka kama jiwe. Kwenye vichaka vya Ohio huhitaji zaidi ya hapo. Kumbuka pia kwamba kwa kulungu bunduki isiwe na zaidi ya risasi tatu, ukijumlisha magazini na chemba.

Na sisi wa Erie, Pennsylvania?

Kwa kulungu, inayojikoki yenyewe hairuhusiwi kabisa. Nunua ya bolti, unayoikoki mwenyewe kwa mkono kila risasi. Ruger American au Savage Axis ya .308 unaondoka nayo kwa dola 400 au 500. Kusema kweli, hata huko inakoruhusiwa, mtu anayetaka kulungu mmoja kwa mwaka ningempa jibu hili hili.

Duka la rehani lina Remington 742 ya .30-06 kwa bei ya kutupa. Niichukue?

Nenda na tochi. Omba wakuthibitishie kuwa haina risasi, vuta bolti mpaka nyuma, umulike ndani. Kuna reli mbili ambazo bolti inateleza juu yake. Zikiwa laini, tunaongea. Ukiona zimechimbika, zina meno meno kama ukingo wa kisu cha mkate, rudisha kwa heshima na uondoke. Ndio ugonjwa wa 742: bolti inatafuna reli, bunduki inaanza kukwama, na chuma kilicholiwa hakirudi. Zilitengenezwa 1960 mpaka 1980, kwa hiyo hata changa kuliko zote imeshazidi miaka 40. Nimeziona mbili nzuri. Mbovu sikumbuki idadi.

Nina viza ya mwanafunzi. Naruhusiwa?

Kwa kawaida, hapana. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki bunduki au risasi. Kuna mlango mdogo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiupite bila wakili wa uhamiaji. Kosa hapo linakugharimu nchi. Mwenye grini kadi anajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, dukani na kukaguliwa kama raia.

Mume wangu kashanunua, bila kuniuliza. Tuna watoto wawili, na yeye anaiweka juu ya kabati.

Dada, juu ya kabati si mahali. Mtoto wa miaka saba anapanda kiti. Hapa Texas kuacha bunduki iliyo tayari kufyatuka pale mtoto wa chini ya miaka 17 anapoweza kuifikia ni kosa la jinai, na asiseme hakuambiwa. Kabati la chuma lenye kufuli linaanzia dola 150 hivi. Risasi zifungiwe kwingine. Mwambie darubini ya pili isubiri.

Nipo Arusha. Kaka yangu wa Dallas akija Desemba anaweza kuniletea moja?

Hapana, na usimtanie hata kwa ujumbe wa simu. Kutoa bunduki Marekani ni vibali, na kuiingiza Tanzania ni vibali vingine. Hata watalii wanaolipa maelfu ya dola kuwinda huko hawaruhusiwi kuja na zinazojikoki zenyewe. Wanakuja na za bolti au za mitutu miwili, na kwa nyati kaliba isipungue .375. Hiyo ndiyo kubwa. Hii .308 tunayoigombania huku, mwindaji wa huko kwenye nchi ya Wamaasai anampigia swala.