Mafuta ya fanicha ya mbao: angalia rangi ya mti kwanza

Ukitaka meza uliyoitengeneza kwa mikono ionekane ni mbao na si plastiki, achana na vanishi nzito, paka mafuta. Vanishi hukaa juu. Mafuta huzama kwenye nyuzi, na ukipitisha kiganja bado unagusa mbao yenyewe.

Ila yawe mafuta yanayokauka. Ya zeituni hayakauki. Huacha unato, hukamata vumbi, na mwisho huanza kunuka. Yanayokauka huvuta oksijeni hewani na kuganda taratibu, ndiyo maana yanahitaji subira.

Mimi hutumia zaidi mafuta ya mbegu za kitani (linseed) na ya tung, yaani ya mbegu za mti uitwao tung. Kitani huipa mbao rangi ya joto, lakini kadiri miaka inavyokwenda huelekea unjano. Kwenye mbao za kahawia au nyekundu naupenda unjano huo. Kwenye mbao nyeupe hapana: huko napaka tung, ambayo haibadiliki rangi sana na hustahimili maji zaidi. Kitani kibichi huweza kumaliza wiki nzima na zaidi kabla ya kukauka. Kile kinachoitwa "kilichochemshwa" mara nyingi hakijaona moto. Kimetiwa vikaushio vya metali, kwa hiyo sikipaki kwenye ubao wa kukatia mboga. Ukikuta mkebe umeandikwa Danish oil, jua kwa kawaida ni mafuta yaliyochanganywa na vanishi na tinna, na kila kiwanda kina vipimo vyake.

Usiamini picha ya kwenye mkebe. Chukua kipande kilichobaki cha mbao ile ile, kipige msasa ule ule, kisha ukijaribishie. Mimi huishia msasa namba 220. Ukiendelea kulainisha, mbao hunywa mafuta kidogo na rangi hutoka hafifu. Kama haraka imekubana, futa kipande hicho kwa kitambaa chenye maji: rangi unayoiona kikiwa kimelowa inakaribia ile utakayoipata. Msaji (mtiki) una mafuta yake ya asili, basi ufute kwa spiriti kabla ya kupaka.

Paka, subiri dakika 15 hadi 20, palipokunywa yote ongeza, halafu futa mafuta yote yaliyobaki juu. Yote kabisa, hata ukiona ni hasara. Ukiyaacha yatageuka utando wenye mng'ao wa bandia, tena unaonata. Rudia mafuta ya kwanza yakishakauka, nyembamba vilevile.

Vile vitambaa vya kufutia visirundikwe pembeni. Mafuta yakikauka hutoa joto, na kwenye rundo joto hilo huweza kuwasha moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au viloweke kwenye maji.

Glasi ikiacha alama juu ya meza, huhitaji kubandua chochote: sugua hapo kwa msasa laini kufuata nyuzi, paka mafuta kidogo, futa.