Kubadilisha mashine za gitaa: weka hiyo drili chini, pima tundu kwanza

Mkuu, hiyo drili irudishe kwenye boksi. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Umesema gitaa lako la nyuzi za chuma lina mashine (zile gia za kichwani zinazokaza nyuzi) za gia wazi, umenunua zile za kufunikwa zenye tumbo la chuma, zimegoma kuingia, na mtu kakushauri upitishe biti ya milimita 10 mambo yaishe. Umeuliza pia kuhusu uwiano wa gia, na kama gitaa litaacha kushuka sauti. Tutafika huko. Ila hili la biti limenitoa jasho, kwa sababu mlio wa mbao inapochanika pale kichwani naujua, na kimya kinachofuata nakijua pia.

Kanuni ni moja tu: tundu ndilo linalochagua mashine. Ukishapima tundu ndipo utoe hela.

Matundu ya magitaa haya kwa kawaida ni ya aina mbili. La kwanza ni la mashine za mtindo wa Kluson (jina la kampuni, kama Grover na Schaller hapo chini), gia wazi au kifuniko chepesi cha bati: tundu lina kati ya 8.5 na 8.8 mm, na upande wa mbele kuna bushi, yaani pete ya chuma, nyembamba iliyogongwa ikabana kwenye mbao. La pili ni la mashine za kufunikwa, mtindo wa Grover au Schaller: tundu ni 10 mm, kwa sababu mashine yenyewe ina koo nene linaloingia kutoka nyuma, na bushi yenye pembe sita pamoja na washa inafungwa kwa thredi kutoka mbele. Mihimili inayozungusha uzi inakaribiana mno, ni 6 mm na ushee tu, na hapo ndipo watu wanapotegwa. Unaona mhimili umepita, unajua umepata. Kumbe kinachogoma ni koo.

Tofauti ni milimita moja na kidogo. Inaonekana si kitu, na ndiyo maana inaua magitaa.

Sasa sikiliza biti ya kawaida ya msokoto inafanya nini kwenye tundu ambalo tayari lipo. Biti hiyo inaongozwa na ncha yake ya katikati. Wewe katikati una hewa. Ncha haina pa kushika, kwa hiyo kingo mbili za pembeni ndizo zinazouma mbao, na msokoto unaivuta biti ndani kama skrubu. Huisukumi tena, inajivuta yenyewe. Hapo mambo matatu hutokea kwa mkupuo. Vanishi na ule ubao mwembamba wa urembo wa mbele vinabanduka vipande. Tundu linatoka la mviringo wa yai na limeinama, kwa hiyo mashine haitakaa wima hata uiombe. La tatu ndilo ghali: biti ikinasa inapindua mbao, na kichwa kinachanika kufuata nyuzi za mbao, kutoka tundu hadi tundu au hadi ukingoni. Kwenye shingo iliyochongwa kwa kipande kimoja cha mahogani na kichwa kimeinama nyuma, nyuzi za mbao pale ni fupi kwa sababu zimekatwa mshazari. Ni sehemu dhaifu kuliko zote kwenye gitaa zima, na ndiyo unayotaka kuipelekea mota ya mizunguko elfu moja kwa dakika.

Ukianza na nyuzi bado zimekazwa ndiyo balaa zaidi. Seti nyepesi ya nyuzi, 12 hadi 53 (unene kwa elfu za inchi), ikiwa kwenye sauti yake inavuta zaidi ya kilo 70. Ufa wa unywele unageuka mlango.

Na huyu muuzaji anayeandika "zinaingia gitaa lolote"! Hiyo ni sawa na kuuza viatu vya namba moja kwa darasa zima. Ukimuuliza kipenyo anakutumia picha. Ukimuuliza tena anakutumia picha ileile, ila kubwa. Na wale wa video je? Anatoboa tundu la kwanza, kamera inakatika, mara paap, mashine sita zimekaa zinang'aa. Gundi ilipigwa saa ngapi? Kichwa cha gitaa langu kina vizibo vya mbao vingi kuliko skrubu, naviita urembo wa makusudi, na mwenye swali la pili kuhusu hilo aanzishe mada yake.

Unapimaje? Legeza nyuzi zote kidogokidogo, toa uzi mmoja, fungua skrubu za nyuma za mashine moja, ivute itoke. Chukua kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, siyo rula. Rula haitofautishi 8.7 na 9.5, na jicho lako ndiyo kabisa. Pima tundu la mbao kwa nyuma. Kisha pima mbele, lakini siyo ndani ya bushi! Ukipima ndani ya bushi utapata sita na kitu, na utaandika upuuzi. Bushi ya kugongwa inatakiwa itoke kwanza. Usiichokonoe kwa bisibisi kutoka mbele, itaondoka na vanishi. Igusishe ncha ya pasi ya kulehemu kwa nusu dakika hivi, joto lilegeze vanishi iliyoishika, kisha isukume kutoka nyuma kwa kijiti kigumu, taratibu na wima. Kwa nini upime pande zote mbili? Kwa sababu viwanda vingine hutoboa kwa ngazi: kupana mbele panapokaa bushi, kwembamba nyuma panapopita mhimili tu. Ukipima upande mmoja umepima nusu ya tundu.

Ukikuta 8.7, nunua mashine za bushi ya kugongwa. Zipo nzuri sana zenye gia zilizofungwa vizuri, huhitaji kukata mbao hata punje. Ulizonazo zirudishe au ziuze. Najua inauma. Inauma kidogo kuliko shingo.

Ukikuta 10 na unataka za mtindo wa zamani, hilo ni jepesi: zipo bushi za kupunguzia, nje 10 mm, ndani zinapokea mhimili mwembamba. Kupunguza tundu ni bushi. Kupanua hakurudi nyuma.

Na kama umeng'ang'ania zile za kufunikwa kwenye tundu la 8.7, basi kwa mkono. Tumia rima ya mshazari yenye mpini, ile inayokwangua badala ya kung'ata. Zungusha kufuata mwelekeo wa mishale ya saa tu, mkandamizo mdogo, unga uwe laini kama wa kusaga. Nusu ya kina kutoka mbele, nusu kutoka nyuma, na uzungushe utepe wa karatasi kwenye rima pale inapofika 10 mm ili usipitilize. Kwa kuwa rima ni mshazari, katikati ya tundu patabaki kiuno. Hicho unakimaliza kwa msasa namba 120 uliozungushiwa kijiti cha duara. Jaribu koo la mashine kila baada ya mizunguko michache. Liingie kwa kidole gumba. Likihitaji nyundo, hujamaliza, likicheza, umechelewa. Matundu sita, jioni nzima. Anayesema dakika kumi hajawahi kufanya au anauza kitu.

Baada ya hapo ndipo linakuja kosa la pili, dogo kwa ukubwa ila lina matusi yake: skrubu. Mashine za zamani mara nyingi zina skrubu mbili kwa mstari, mpya zina moja tu, pembeni au kwa mshazari wa digrii 45. Maana yake vitundu vipya vya skrubu. Usitoboe chochote kabla bushi zote hazijafungwa kwa vidole na mashine hazijanyooshwa kwa rula, tatu upande huu, tatu ule. Kushoto na kulia si sawa, ukizichanganya masikio, yaani vile vishikio unavyozungusha kwa vidole, yatazunguka kinyume. Kama kitundu kipya kiko milimita moja kutoka cha zamani, biti itateleza irudi kwenye cha zamani. Ziba kwanza kwa kijiti cha meno na gundi ya mbao, acha mpaka kesho. Kwa skrubu ya 2 mm toboa 1.5 mm, na utepe kwenye biti uonyeshe kina, kwa sababu unene wa kichwa ni kama 15 mm tu na kutokea mbele ni jambo la sekunde. Skrubu zinazokuja kwenye boksi ni laini. Ingiza kwanza skrubu ya chuma kigumu ya kipimo hichohicho ifungue njia, itoe, kisha paka ya boksi nta ya mshumaa, uifunge kwa mkono. Ikianza kulia, simama, irudishe nyuma. Ikikatika kichwa ndani ya mbao ngumu, karibu kwenye klabu ya vizibo.

Bushi za pembe sita: spana namba 10, ikishagusa washa ongeza robo mzunguko, basi. Ukikaza kama nati ya gurudumu vanishi itapasuka kwa duara. Ukiacha legevu itatetemeka, na utahangaika wiki nzima ukidhani kuna mbao imeachia tumboni mwa gitaa.

Kuhusu kushuka sauti, huenda hukuhitaji mashine kabisa. Tyuni uzi, kisha ubonyeze kati ya mashine na kile kipande cha mfupa chenye vijia vya nyuzi juu ya shingo. Ukiachia na sauti imebaki juu, au ukikaza unasikia "tik", kijia ndicho kinachobana uzi. Risasi ya penseli kwenye kijia ni dawa ya muda, faili jembamba ni dawa ya kweli. Mashine mpya juu ya kijia kinachobana zitakupa gitaa linaloshuka sauti kwa gharama zaidi.

Uwiano wa 18:1 ni kwamba sikio linazunguka mara 18 mhimili ukizunguka mara moja, 14:1 mara 14. Ya 18 inatyuni kwa upole zaidi. Lakini uwiano hauzibi tundu lililopasuka, kwa hiyo turudi palepale.

Leta hapa namba tatu: tundu nyuma, tundu mbele bushi ikiwa nje, na unene wa koo la mashine ulizonunua. Mpaka uzilete, hiyo drili ibaki kwenye boksi, na betri umpe jirani.