Viatu vya Kettering: soli ikitoboka, usikubali misumari

SWALI: Nilinunua viatu vya mtumba vya Loake hapa Kibuye. Ngozi ya juu ni nzima lakini soli imetoboka katikati. Fundi anataka kupiga gundi na misumari. Loake ni kina nani, na je, soli mpya ina faida? — Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Faida ipo, na misumari ikatae kabisa. Loake ni kampuni ya ukoo. Ndugu watatu, Thomas, John na William, waliianzisha mwaka 1880 mjini Kettering, jimbo la Northamptonshire, Uingereza, na kiwanda kilichojengwa 1894 kingali kinafanya kazi. Jimbo hilo lilisifika kwa viatu kwa sababu lilikuwa na ng'ombe, magome ya mwaloni ya kutengenezea ngozi, na maji ya mto Nene. Lakini tazama mhuri: baadhi ya viatu vyao hutengenezwa India.

Angalia ukingo wa kiatu. Kuna utepe wa ngozi unaokizunguka, wenye uzi juu yake. Mshono wa ndani, usioonekana, hufunga utepe huo pamoja na ngozi ya juu na soli ya ndani. Mshono unaouona hushika utepe na soli ya nje tu. Ndiyo maana soli hutoka bila ngozi ya juu kuguswa.

Fundi ang'oe kisigino kwanza, akate uzi wa nje kwa kisu chembamba, kisha avute soli. Chini yake atakuta koki, kijazo laini kama kizibo cha chupa. Ikiwa imevunjika, aikwangue na kujaza nyingine, vinginevyo unyayo utahisi shimo kila hatua. Soli mpya ya ngozi, unene wa milimita 5 hivi, iloweshwe hadi ilainike, kisha ishonwe kwa uzi wa nta. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, upite matundu yaleyale ya zamani. Akitoboa mengine kati yake, utepe utachanika kama karatasi ya stempu.

Misumari hutoboa soli ya ndani, na mvua ikinyesha hushika kutu na kuozesha ngozi. Viatu vikilowa, jaza magazeti na uvianike kivulini. Joto la jiko hupasua ngozi.

Kabla ya kulipa, kagua utepe penye vidole. Ukiwa umelika hadi mshono wa ndani, nao lazima ubadilishwe, na hapo tafuta fundi anayeshona kwa mkono.