Penseli nyeusi

Mwanangu,

Umeniuliza swali fupi: mkataba wako wa jeshi unakwisha mwezi wa tisa, je, uongeze au uvue gwanda ukasomee usanifu wa kidijitali kama mimi? Baba yako ananiambia nijibu ndiyo au hapana, nisianze hadithi. Unanijua.

Ile ramani kuukuu uliyokuwa ukichora paka nyuma yake, hukuwahi kuniuliza kwa nini njia upande wa mbele imekolezwa kwa nyeusi juu ya nyekundu. Nilikuwa koplo, mwaka wangu wa tatu, nikaambiwa niandae ramani ya kipimo cha 1:50,000 kwa doria ya usiku. Nikapiga njia kwa penseli nyekundu, mstari mwembamba, safi, nikajiona fundi. Sasa, usiku tochi huvikwa kioo chekundu, maana jicho likishaonja mwanga mweupe huchukua kama nusu saa kulizoea giza tena. Tukainama juu ya ramani: njia haipo! Kwenye mwanga mwekundu, karatasi nyeupe na penseli nyekundu ni kitu kimoja. Watu tisa walilala kwenye umande kwa sababu yangu. Sajini hakunifokea. Asubuhi alinipa penseli nyeusi, akaenda zake. Angefoka ningeshasahau.

Mstari usioonekana si mstari. Najua umeuchoka msemo huu.

Nilipotoka, yale ya ulinzi wa getini na kozi za usiku unayajua, ulikuwa ukilala kando ya kompyuta. Usilolijua ni usaili wa kwanza. Kijana mmoja alipitisha kidole juu ya miaka yangu 14 kwenye wasifu, akauliza, "Kwa hiyo hapa kote hukufanya usanifu?" Nikajibu, "Sikufanya." Kazi walinipa, lakini nilijikana mwenyewe, na hilo linaniuma kuliko ule umande.

Mwezi haujaisha, wakaleta fomu ya kujaza kwenye skrini: ukikosea, kisanduku kinakuwa chekundu, ukipatia, kijani. Basi. Nikawauliza, na wasiotofautisha nyekundu na kijani je? Jeshini tulifundishwa kumchora adui kwa umbo la almasi na rafiki kwa mstatili, ili rangi ikipotea umbo libaki. Wekeni alama, wekeni neno. Yule kijana akaniangalia. "Umejifunzia wapi?" Lo, siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu makusudi, furaha isiishe haraka.

Usidhani nasema jeshi ni chuo cha usanifu. Wenzangu wa ofisini, vijana wa miaka 23, walikuwa na wepesi wa vidole ambao sijaupata hadi leo. Ila ningetoka mapema, ningeikosa ile penseli. Hapana, ngoja: penseli niliipata mwaka wa tatu, nikakaa mingine 11. Hesabu hiyo huwa siipendi.

Kwa hiyo uamuzi ni wako. Ningesema, ulimi unaniwasha kweli, ila mama akishasema hamwamui tena, mnatii au mnabisha.

Lakini ile michoro ya programu uliyomtumia dada yako kwa siri, amenionyesha. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, mwanangu? Wewe? Yakoleze, kisha unitumie mimi.

Mama yako