Kraki si nyepesi kuliko unga
Wapo wanaosema kraki, yaani kokeini ya kuvuta kwa moshi, ni nyepesi kuliko unga (heroini) kwa kuwa haina arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ya kutapika na kuumwa mifupa. La, hilo haliifanyi kuwa nyepesi. Moshi wake hufika ubongoni kwa sekunde chache, stimu inakatika baada ya dakika 5 hadi 10, basi mtu anarudia usiku kucha. Kila mvuto unabana mishipa na kupandisha presha. Ndiyo maana hata kijana anaweza kupata mshtuko wa moyo au kiharusi.

Mie hugawa uji maskani hapa Malindi. Wavutaji wa kraki nawajua kwa midomo iliyoungua na kiko cha moto, na suruali iliyofungwa kamba. Uji wenyewe wanaonja kidogo wakauacha, hamu imekufa. Wakizimika wanalala mchana kutwa, wakiamka ni huzuni na kumshuku hata mama mzazi. Ila wengi huchanganya na unga au pombe, kwa hiyo si kila ugonjwa wao ni wa kraki. Na methadoni, dawa mbadala mnayoisikia hospitalini, ni ya unga tu. Kokeini haina dawa mbadala kama hiyo, tegemeo ni ushauri nasaha.